Mbio za Polepole Kutoka Misheni ya Bagamoyo Hadi Kaole

Kamati kadhaa za parokia zimetuuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, twaweza kuandaa mbio za polepole, zile ambazo vijana wanaziita jogingi, ambazo zitawasaidia waamini kiafya na papo hapo kuwafundisha historia ya nchi yao? Baadhi ya wafadhili nao wametaka kujua kama jambo hilo lina faida yoyote au ni matembezi tu. Badala ya kujibu kwa jumla, tumeona heri tueleze njia moja tunayoijua kwa miguu yetu wenyewe. Ni njia inayotoka Misheni ya Bagamoyo, ikapita Mji Mkongwe, hadi magofu ya Kaole. Bagamoyo iko kama kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, hivyo kundi linaweza kufika jioni, likalala, na kukimbia asubuhi kabla jua halijawa kali.

Kuhusu afya tutasema kidogo tu, kwa kuwa mengi yameshasemwa na waganga. Karibu kila parokia ina watu wa makamo wanaosumbuliwa na shinikizo la damu na kisukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kila wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 za mazoezi mazito. Mbio za polepole si mashindano. Kipimo chake ni kinywa chako: ukiweza kuzungumza na mwenzako huku mkikimbia, mwendo unafaa, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amwone mganga kwanza, na hakuna aibu yoyote kwake kutembea njia nzima.

Kuanzia msalabani

Kundi linakusanyika ufukweni, penye msalaba unaokumbusha kufika kwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868, wakitokea Zanzibar chini ya Padre Antoine Horner. Toka hapo njia inaingia katikati ya safu mbili za miembe mikubwa na kuelekea majengo ya misheni. Hapa ndipo pazuri kuliko pote kwa kuanzia, kwa sababu ardhi ni laini, kivuli kipo, na magari ni machache. Kimbieni polepole sana. Tumeona mara nyingi vijana wakiondoka kama mshale chini ya miembe hii, kisha tukawakuta nje ya mji wameshika viuno.

Wamisionari wale waliwanunua watumwa ili kuwaweka huru, wakajenga kijiji ambamo waliokombolewa waliishi, walilima na kusoma. Makaburi ya misheni yako karibu, nayo yanastahili dakika chache za ukimya.

Kwenye kanisa la zamani kuna mnara unaoitwa kwa jina la Livingstone, na wageni wengi hudhani aliishi hapo. Sivyo. David Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Wenzake wa safari, wakiwemo Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright, waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500, wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Mwili ulilazwa kanisani usiku mmoja, ukavushwa hadi Zanzibar, na hatimaye ukazikwa Westminster Abbey mjini London mwezi Aprili mwaka huo. Sisi huwaambia wanaokimbia nasi: jina lililoandikwa ni la aliyebebwa, lakini kwa habari ya miguu, wa kukumbukwa hapa ni waliombeba. Safari yao ilichukua miezi kama tisa.

Katika kiwanja hicho upo mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Wageni wakiuona huanza kulia watumwa. Wenyeji wa misheni hueleza kwamba mnyororo huo ulifungwa na mama mmoja wa Kizungu aliyehudumia wagonjwa, ili kumfungia punda wake. Tunalitaja hili kwa sababu mwongozaji asiyejua huweza kuwahadithia watu jambo la huzuni ambalo halikutokea, na la huzuni lililotokea akalipita.

Mji Mkongwe, na lile jambo lililotusumbua

Kutoka misheni mnaelekea kusini na kuingia Mji Mkongwe. Hapa kuna milango ya mbao iliyochongwa, nyumba za matumbawe na chokaa, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na mbele kidogo Ngome Kongwe. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya kwanza ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Ni mji ambamo Emin Pasha, aliyeletwa na Stanley kutoka bara mwaka 1889, alianguka kutoka ghorofani usiku wa karamu ya kumpongeza akaumia vibaya. Aliokoka jangwa na vita, ikamshinda baraza. Njia ni nyembamba, na watu wanafungua maduka, basi mkimbie mstari mmoja.

Ilikuwa katika mitaa hii, safari yetu ya kwanza, tulipopata somo. Tulikuwa watu kama arobaini, tumevaa fulana za rangi moja, filimbi inapigwa na vijana wanaimba nyimbo zao za jogingi kwa sauti kuu. Karibu na eneo la kambi ya zamani ya misafara, mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani alituashiria kwa mkono. Tukasimama, tukamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akasema: "Wanangu, sikukatazeni kupita. Lakini hapa watu walipita na mizigo kichwani, na wengine na minyororo shingoni. Piteni mkijua mnapita wapi."

Filimbi ilinyamaza. Tulipofika mwisho wa njia tulikaa chini na kubishana, na hatuoni haya kusema kwamba ubishi ulikuwa mkali. Wapo waliosema mbio za kuchangisha fedha hazifai kabisa mahali kama hapa. Wengine walisema tukiacha, vijana hawatafika kamwe, na historia itabaki kwa watalii. Mama mmoja wa kamati, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, alivua namba aliyobandikwa kifuani akasema kwamba hawezi kuvaa namba mahali ambapo binadamu walihesabiwa kama bidhaa. Hakuna aliyemjibu. Tangu siku hiyo hatutumii namba, na hakuna mshindi.

Ili tusichanganye mambo, inafaa kueleza njia yenyewe ilikuwa nini. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kupitia Tabora na Mpwapwa, mwendo wa kilomita kama 1,200. Burton na Speke walianzia safari yao pande hizi mwaka 1857, na Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone. Bidhaa kubwa iliyoshuka ilikuwa pembe za ndovu. Iliyopanda ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Waliobeba walikuwa zaidi wapagazi, hasa Wanyamwezi, watu huru waliolipwa ujira, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi. Watumwa pia walipitishwa, na hilo halina ubishi, ila bandari iliyosafirisha watumwa wengi kuliko zote katika pwani hii ilikuwa Kilwa. Mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza ulipiga marufuku biashara hiyo baharini na kufunga soko la Zanzibar, ingawa magendo yaliendelea kwa miaka.

Ndiyo maana jina la mji lina maelezo mawili. Wengine husema "bwaga moyo" ni kilio cha mtumwa aliyeiona bahari akakata tamaa ya kurudi kwao. Wengine husema ni pumzi ya mpagazi aliyetua mzigo wake na kuuona mji aliouota njia nzima. Sisi tunaegemea upande wa mpagazi, kwa kuwa waliofika hapa kwa wingi walikuwa wapagazi, na maneno ya wengi ndiyo hudumu. Lakini hatumkatazi mtu kusimama na kumwombea yule mwingine.

Kwa hiyo sasa tunakimbia hivi: tukifika kambi ya misafara tunatembea, hatuimbi, hadi tutoke mitaa ya zamani. Ni dakika chache tu. Yule mzee tulimpelekea ratiba, naye ndiye anayetuambia siku ipi kuna msiba au maulidi mtaani ili tubadili saa.

Barabara ya Kaole

Mkishapita taasisi ya sanaa, TaSUBa, nyumba zinapungua na minazi inaanza. Kutoka Mji Mkongwe hadi Kaole ni kama kilomita 5, na ardhi ni tambarare, hivyo mtu wa kawaida anaimudu. Pikipiki zipo, kimbieni upande unaowatazama zinazokuja.

Wengi hutaka kupita ufukweni. Tunawashauri msifanye hivyo kwa sehemu hii, kwa sababu mikoko imeziba pwani karibu na Kaole na tope lake halimsamehi mtu. Mkipenda mchanga, kimbieni ufukwe wa mjini maji yakipwa, wakati mchanga umeshikana. Kupwa na kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua maji huenda mbali zaidi na kurudi juu zaidi, basi saa iliyofaa wiki jana yaweza kuwa mbaya leo. Muulizeni mvuvi jioni ya kuamkia safari.

Kaole penyewe pana magofu ya misikiti miwili na makaburi mengi ya matumbawe, mengine yenye nguzo ndefu. Msikiti wa zamani unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, yaani miaka mia sita kabla ya msalaba wa misheni kusimikwa. Katika nguzo za makaburi yalipachikwa mabakuli ya China, ushahidi kwamba watu hawa walifanya biashara na dunia pana. Mji ulififia baadaye, na mikoko iliyojaa bandarini hutajwa miongoni mwa sababu. Hapa hatukimbii hata kidogo. Ni makaburi ya Waislamu, na wapo watu wanaofika hadi leo kuomba dua. Msipande juu ya kuta, wala msikae juu ya kaburi kufunga viatu. Tumeliona hilo likifanywa na mtu wetu na tukalazimika kuomba radhi.

Gharama na matayarisho

Wafadhili wapendwa, mbio hizi hazihitaji fedha nyingi, na tunaomba msizifanye zihitaji. Fulana, medali na mabango humeza mchango kabla haujafika kwenye zahanati au kisima ulichokusudiwa. Vinavyohitajika kweli ni maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayelijua, gari moja la kufuata nyuma, viingilio vya Kaole na Makumbusho ya Misheni, na ujira wa haki kwa mwongozaji wa hapo. Kamati iarifu serikali ya mtaa na polisi mapema, na ionane na imamu na wazee wa Kaole kabla ya kutangaza kanisani.

Chagueni miezi ya Juni hadi Septemba, mvua za masika zikiwa zimekwisha na joto limepungua. Mwezi wa Ramadhani msipite mitaani mkinywa maji mbele ya waliofunga. Vaeni suruali za michezo, na akina mama wanaopenda wafunge kanga juu. Hakuna aliyewahi kuchelewa kwa sababu ya kanga.

Walio mbali na Bagamoyo watafute njia yao. Wa Kigoma wana Ujiji, mwanzo wa njia hii hii. Wa Mombasa wana Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianzisha misheni mwaka 1846. Mpango ni ule ule, ila wazee wa kuuliza ni wengine.

Ondokeni msalabani saa 12 na nusu asubuhi. Kwa mwendo wa polepole, pamoja na vituo, kundi la mwisho hufika Kaole kabla ya saa 3, na wasioweza kurudi kwa miguu hupata bajaji. Kamati inayotaka kwenda nasi ilete majina ya watu wake, na walio na presha au kisukari watajwe pembeni, ili gari la nyuma lijue la kuwaangalia.