Jinsi ya Kutambua Namna Mbili za Kiduha

Mihindi yako ikidumaa na kugeuka manjano ingawa mvua imenyesha vizuri, usilaumu mbegu kwanza. Tazama chini kama kuna kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo.

Kiduha kinachojulikana sana upande wa Nyanza na Magharibi ni kirefu, hufika magotini na hata kuzidi, na maua yake ni ya rangi ya waridi. Namna ya pili, ambayo huonekana pwani, ni fupi, kama shubiri moja hivi, na maua yake madogo kwa kawaida ni mekundu. Hii hujificha majanini, na wengi huipita jembe likiwa mkononi.

Ukiwa na shaka, shika kile kikombe cha kijani kinachobeba ua, uhesabu mistari yake. Kiduha kirefu kina mitano, kifupi kina kumi.

Vyote viwili hunyonya mizizi ya mahindi, mtama na wimbi. Kwa hiyo ving'oe vyote, hata kile kidogo, kabla havijatoa mbegu. Mche mmoja hutoa mbegu maelfu na maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja mahindi. Ulivyong'oa uvichome moto. Usivitupe penye samadi.