Picha ya mlima inataka jicho la asiyekuwepo

Mtumie rafiki picha ya Kilimanjaro uliyoipiga alfajiri, na jibu lake unalijua kabla halijafika: "Umetisha!" Au: "Kali sana, kaka." Dada anayepiga picha za ufukwe wa Paje naye huambiwa, "Hongera, mashallah." Maneno hayo ni ya upendo na hakuna ubaya kuyasema. Shida ni kwamba mtu anaweza kuyapokea miaka nenda miaka rudi, na picha zake zikabaki pale pale.

Simu zenye kamera nzuri zimewaingiza wengi katika upigaji picha za mandhari. Wamo walimu, wahasibu, madereva wa watalii na wanafunzi. Hawapigi picha kwa ajili ya kuuza. Wanapenda tu milima, bahari na mawingu. Wengi wao wamejifunza wenyewe, na kwao mtu wa kuwaambia ukweli ni adimu kuliko lenzi ya bei mbaya.

Na picha za mandhari zinamhitaji mtu huyo kuliko nyingine zote. Kilimanjaro ni mlima wa kujificha. Asubuhi na mapema huwa wazi, lakini jua likishapasha miteremko, mawingu hupanda na kuufunika, pengine hadi jioni. Aliyeamka saa kumi alfajiri akasimama kwenye umande, akatetemeka, akangoja, kisha kilele cha Kibo kikajitokeza kwa rangi ya waridi, hawezi kuitazama picha yake kama watu wengine. Kila akiifungua, baridi ile inamrudia, na furaha ile inamrudia. Vyote hivyo vimo moyoni mwake, havimo kwenye picha. Mtazamaji hakuamka alfajiri wala hakutetemeka. Anachopewa ni kipande cha karatasi au kioo cha simu, basi. Kwa sababu hakuwepo, huona kilichomo tu, na hapo ndipo ilipo thamani ya jicho lake.

Chukua mfano wa picha zinazopigwa sana kutoka upande wa Moshi. Kibo kimekaa katikati kabisa, barafu yake inang'aa. Nusu ya chini ni shamba la mahindi lililozama gizani, hakuna kinachoonekana. Waya wa umeme unakatiza kona ya kulia. Anga limekolezwa rangi mpaka limekuwa zambarau, na ukingo wa mlima umezungukwa na mstari mweupe, alama ya kuhariri kupita kiasi. Ukimwambia mwenye picha "nzuri", hujampa kitu. Ukimwambia "mbaya", hujampa kitu pia.

Lakini ukimwambia, "Jicho langu limeanzia kwenye waya ule kabla ya kufika mlimani, ungesogea kushoto kidogo usingetoka?" umempa kazi ya kwenda kufanya. Ukimuuliza, "Hii nusu ya chini ulitaka nione nini?" atakumbuka kwamba aliliacha shamba liingie bila kulifikiria. Ukimwonyesha ule mstari mweupe kwa kidole, hatakoleza tena kiasi kile. Kila neno hapo limetaja mahali ndani ya picha, na kila moja linaweza kujibiwa kwa miguu au kwa mikono safari ijayo.

Wakubwa wa sanaa hii nao walipita njia hiyo hiyo ya kupima kilichomo kwenye picha dhidi ya walichokihisi. Tarehe 10 Aprili 1927, Ansel Adams, kijana wa miaka 25 ambaye wakati huo bado alijiandaa kuwa mpiga piano, alipanda na wenzake hadi mahali panapotazamana na jabali la Half Dome, katika bonde la Yosemite, California. Kamera yake ilitumia sahani za kioo, na zilikuwa zimembakia mbili. Ya kwanza aliipiga kwa kichujio cha njano. Mara akabaini kwamba anga lingetoka limefifia, wakati yeye alilihisi zito na la kutisha. Akafunga kichujio chekundu kilichokolea na kutumia sahani ya mwisho. Anga likatoka karibu jeusi, na jabali likasimama mbele yake kwa uzito wote. Picha hiyo, Monolith, ni miongoni mwa zilizomjengea jina.

Hakuishia hapo. Picha yake ya mwezi ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliyoipiga mwaka 1941, aliichapa upya kwa miongo kadhaa. Mwaka 1948 aliishughulikia tena negativu yenyewe ili sehemu ya chini ionekane vizuri zaidi, na nakala za miaka ya baadaye zina anga jeusi kuliko za mwanzo. Miaka ilimpa Adams umbali, akaweza kuitazama kazi yake kama mgeni. Asiye na miaka ya kungoja hana budi kuazima macho ya mwenzake.

Wapo wanaodai kwamba kukosoana waziwazi si desturi yetu, kwamba heshima inataka tusifiane. Ushairi wetu unakataa. Katika kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili, malenga aliyepotoka mizani alijibiwa na mwenzake kwa shairi, mbele ya wasomaji wote. Mkosoaji alianza kwa salamu, akampa mwenzake haki yake, kisha akautaja ubeti na kipande chenye kasoro. Kosa lilionyeshwa mahali lilipo, na mtu aliachiwa heshima yake. Picha nayo ina vina na mizani yake: mwanga, mstari wa upeo, kilicho mbele na kilicho nyuma. Tunachohitaji ni kuitendea kama tulivyozoea kulitendea shairi.

Anayeomba kukosolewa naye ana wajibu. Kwanza, achague. Akileta picha tatu atasikilizwa. Akileta arobaini atapewa pongezi ili watu waende nyumbani. Pili, azichapishe. Kioo cha simu ni kidogo na king'avu, huficha mengi. Kwenye karatasi, bahari iliyolala upande huonekana mara moja. Tatu, anyamaze kwanza. Akianza kueleza kwamba kulikuwa na upepo, kwamba alitembea mwendo mrefu, anawapa wenzake habari ambazo picha haikuzisema, na macho yao hayatakuwa tena ya watu ambao hawakuwepo. Wakishamaliza, ndipo aseme alikusudia nini. Hapo wote watapima umbali kati ya alichotaka na alichopata. Na kama mbingu ameibadilisha kwa programu, aseme wazi, maana wenzake hawawezi kumsaidia kusoma mwanga ambao haukuwepo.

Mkosoaji naye ajue mpaka wake. Kuona kasoro hakuhitaji kuwepo, ila kutoa dawa kunahitaji kuijua sehemu yenyewe. Moshi iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta. Huku jua hupanda karibu wima, na ule mwanga laini wa asubuhi hupita upesi. Kaskazini ya Norway au Scotland jua hupanda kwa mshazari, na mwanga wa chini hukaa muda mrefu. Ushauri wa "ungetulia ungoje mwanga" uliotoka huko unaweza kumpotosha mtu wa Moshi. Pwani nako, anayesema "ngalawa imekaa kwenye mchanga, ungesubiri maji" aulize kwanza kama ilikuwa bamvua au maji mafu. Mashariki mwa Unguja, wakati wa bamvua, maji yakipwa hukimbilia mbali kuelekea mwambani, na mpigapicha angeweza kungoja saa nyingi mpaka mwanga mzuri ukamwishia. Tena atenganishe kosa na ladha. Upeo uliopinda bila kukusudiwa ni kosa. Kupenda mawingu mengi au machache ni ladha, na kila mtu ana yake.

Kazi hii haihitaji ofisi wala bajeti. Uingereza wapo wapigapicha wa ridhaa ambao wamekuwa wakizungushiana picha kwa posta: kila mwanachama anaweka yake, anaandika maoni juu ya za wenzake, anapeleka mbele, mpaka picha inamrudia mwenyewe ikiwa na maoni ya kila mmoja. Sisi hatuhitaji hata posta. Watu wanne, meza moja ya mgahawa na picha zilizochapishwa kwenye studio ya mtaani vinatosha.

Basi, wewe unayependa kupiga picha, wiki hii ichague moja unayoipenda kupita zote. Ichapishe, mpe mtu ambaye hakuwepo siku ile, umuulize jicho lake limeanzia wapi na limekwama wapi. Akianza kujibu, usimkatize. Na ukiletewa picha na mwenzako, usimrudishe na "umetisha" peke yake. Mtajie angalau mahali pamoja panapoweza kuwa bora.