Windows na Linux kwenye Diski Moja: Usiharakishe Kugawa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Petta alituletea laptopu ya mama yake, iliyonunuliwa Tororo mjini ikiwa imeshatumika. Ndani mlikuwa na picha za harusi, vyeti vya shule vya watoto na nakala za karatasi za ukimbizi za nyumba nzima.

Kijana alitaka kuweka Ubuntu bila kuondoa Windows 10. Wazo zuri, maana Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows hiyo tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine kuukuu kama hii haikubali Windows 11. Alipunguza sehemu ya C, akapata GB 60 tupu. Lakini Ubuntu ikakataa, eti nafasi hiyo haitumiki. Mama akasema, "Mwanangu, ukipoteza zile karatasi usirudi nyumbani."

Kumbe nafasi ilikuwepo, tatizo ni daftari. Kompyuta za zamani hutumia jedwali la MBR lililoanza mwaka 1983, nalo lina mistari minne tu. Ni kama ofisi ya ardhi yenye daftari la mistari minne: shamba likibaki kubwa namna gani, ploti ya tano haina pa kuandikwa. Mtengenezaji alishajaza yote: sehemu ya kuwashia, C, ya kurudishia Windows, na moja ndogo ya programu zake. (Mashine za siku hizi hutumia GPT, yenye nafasi ya sehemu 128 kwa kawaida.)

Hapa ndipo wengi huharibu. Ukilazimisha sehemu ya tano ndani ya Windows, itakuomba igeuze diski iwe ya dainamiki. Usikubali! Ubuntu haitaigawa vizuri, na kurudi nyuma bila kupoteza vitu ni kazi kwelikweli. Wala usibonyeze chaguo la kufuta diski nzima.

Sisi tulianza kwa kunakili kila kitu kwenye diski ya nje, tukafungua vyeti na picha kwenye kompyuta nyingine tuone kama vimefika salama. Umeme ulikatika, kazi ikachukua siku mbili. Ndipo tukafuta ile sehemu ndogo ya mtengenezaji, mstari mmoja ukapatikana. Kwenye zile GB 60 tukatengeneza sehemu panuzi, ambayo ndani yake unaruhusiwa kukata vipande vingine. Ubuntu ikaingia.

Tukawasha: Windows haimo kwenye menyu! Kijana akatoa jasho. Jamani, haikufutika. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB huacha kutafuta mifumo mingine mpaka uiruhusu. Ndani ya faili /etc/default/grub tuliandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha tukaamuru sudo update-grub. Windows ikarudi.

Na ukishakosea ukafuta sehemu yenye vitu vyako, zima mashine papo hapo, usiandike chochote juu yake. TestDisk, programu ya bure, mara nyingi huweza kuirudisha sehemu iliyopotea kama haijaandikwa juu.

Mama alikagua karatasi moja moja kabla ya kuichukua laptopu. Diski ya nje ameifungia kwenye sanduku la nguo, na kijana hana ufunguo.