Safari ya Ziwani Hupangwa Mtaani

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

 

Leo tunazungumza juu ya maji. Si yale ya mtungi wa lita 20 tunayopangia foleni, bali maji ya ziwa zima. Kikundi kimoja cha vijana kimetuandikia barua. Wameweka akiba kidogo kidogo, na sasa watu 14 wanataka kwenda Ziwa Victoria. Watapiga makasia kwa siku mbili na kulala kwenye mahema ufuoni. Watatumia kayaki, yaani ule mtumbwi mwembamba wa plastiki anaoketi mtu mmoja au wawili, ambao siku hizi hukodishwa na baadhi ya hoteli za huko. Swali lao ni moja: "Tubebe dawa gani?"

Ni swali zuri, ila limeanzia mwisho. Dawa tutaifikia.

Wazee wa Kibera wanakumbuka kwamba hata sisi tulikuwa na ziwa letu. Bwawa la Nairobi, hapo chini tu ya mtaa, lilijengwa mwaka 1953, na kuna wakati watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga juu yake. Baadaye magugumaji, taka na maji machafu vililishinda. Kwa hiyo vijana wengi wa mitaa yetu wamekua bila kujua kuogelea. Si kosa lao, kwani wangejifunzia wapi? Lakini kabla hujaulizia nauli ya Kisumu, kaeni kitako kama kikundi, mtu aulizwe waziwazi: unajua kuogelea au hujui? Na asiyejua asichekwe, maana akichekwa atadanganya.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Sehemu ya Kenya ni ndogo, kama asilimia 6 tu, lakini hiyo "ndogo" ukiiangalia kutoka Mbita huoni mwisho wake. Hatari zake ni za aina tatu. Kuna inayoua kwa dakika, kuna inayokufuata nyumbani kwa wiki, na kuna inayokula mwili kwa miaka. Wengi hujiandaa kwa ile ya pili peke yake, tena nusunusu.

Tuanze na ya dakika. Mwaka 2018 ulikuwa mwaka mbaya ziwani. Tarehe 20 Septemba kivuko cha MV Nyerere kilipinduka upande wa Tanzania, kikiwa karibu kabisa kutia nanga katika kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, mashua ya starehe ilizama upande wa Uganda, wilaya ya Mukono. Hao walikuwa watu waliotoka kujifurahisha wikendi, kama ninyi mnavyotaka kufanya. Zaidi ya 30 walikufa. Mashua ilikuwa mbovu na imejaa, na wengi hawakuwa wamevaa jaketi za kuokolea.

Sikilizeni hapo: hawakuwa wamevaa. Jaketi iliyowekwa chini ya kiti haimsaidii mtu. Maji yakishaingia huna muda wa kutafuta mikanda. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya safari yenu iwe hii: hakuna anayegusa kayaki bila jaketi mwilini, imefungwa, awe bingwa wa kuogelea au la. Na mjue kuipima. Mvalishe mwenzako, funga mikanda yote, kisha simama nyuma yake uishike jaketi kwenye mabega na kuivuta juu. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa mno au imelegea, na ndani ya maji itamvuka. Kabla ya kulipa arubuni, mwulizeni anayekodisha: una jaketi ngapi nzima, na za ukubwa gani? Akiwaambia zipo 9 na ninyi ni 14, ama mwende kwa zamu ama mtafute mwingine.

Najua mtaniambia bajeti ni finyu. Lakini nimeona vikundi vikichapisha fulana za safari na kununua mbuzi, halafu vikakosa pesa za jaketi na mahema. Fulana itasubiri.

Jambo la pili ni upepo. Ziwani upepo una desturi zake. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo hutoka ziwani ukija ufuoni. Alasiri unaweza kuwa mkali na kuinua mawimbi. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na mawingu ya dhoruba hujikusanya juu ya maji. Ndiyo maana ngurumo kubwa huko huja usiku na alfajiri. Muda mzuri wa mgeni ni asubuhi kukiwa kumetulia. Anzeni kama saa moja, na saa tano muwe mmeshavuta mitumbwi nchi kavu. Mtu asiyezoea hupiga makasia kama kilomita 3 au 4 kwa saa, tena kabla mikono haijachoka. Basi msijiwekee zaidi ya kilomita 8 kwa siku, mkifuata ukingo. Kundi liende kwa mwendo wa yule wa polepole kuliko wote, na mwenye ujuzi mmoja awe mbele, mwingine nyuma.

Mahali pa kwenda? Kwa maoni yangu, wanaoanza waende Rusinga. Kisiwa hicho kimeunganishwa na Mbita kwa daraja, gari linafika, na mtu akiumia anaweza kufikishwa hospitali Mbita au Homa Bay bila kusubiri mashua. Mfangano na Takawiri ni pazuri sana, lakini kuna maji wazi ya kuvuka, na hayo si ya safari ya kwanza. Kisiwa cha Ndere, karibu na Kisumu, ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1986, hivyo mpango wa kulala huko hufanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Popote mtakapochagua, mkifika nendeni kwanza kwa kamati ya ufuo, ile inayoitwa BMU. Wavuvi wale wanajua kiboko anatokea wapi na mamba ameonekana wapi. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na ana njia yake. Mkimpigia hema njiani mwake, yeye hatazunguka.

Mtumbwi ukipinduka, usiuache. Ushike ukiwa kifudifudi vilevile, unaelea, na unaonekana kwa mbali kuliko kichwa chako. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo, na wengi wamekufa wakiukimbilia. Na anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Hana pumzi ya kupiga kelele. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, kisha kimya. Mrushie kamba, kasia au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko. Usimrukie kwa mikono mitupu, atakuzamisha nawe. Akitolewa na hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkanyaga tumbo ili "atapike maji". Mlazeni chali, inueni kidevu, mbaneni pua, mmpulizie pumzi tano mdomoni, kisha mfinye katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, pumzi mbili, tena 30, bila kuacha hadi msaada ufike. Angalau watu wawili katika kikundi wajifunze hili kwa vitendo kabla ya safari. Redioni halifundishiki.

Pombe, naomba tusibishane. Ikiwa lazima, iwe nchi kavu, mitumbwi ikiwa imeshafungwa.

(Muziki mfupi.)

Sasa twende kwenye hatari inayokufuata nyumbani, malaria. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi yetu humsumbua mbu wa malaria. Ziwa liko mita 1,134, kuna joto na maji, na malaria iko mwaka mzima. Wewe uliyezaliwa Kawangware unaweza kusema, "Mimi ni wa huko, babu yangu ni wa Siaya, mbu wananijua." La, hasha. Kinga ya aliyekulia ziwani huja kwa kuumwa mara kwa mara, na ukiishi Nairobi miaka kadhaa hupungua. Mtoto wa mjini hana kabisa. Mbu huyu hauliza ukoo.

Yeye huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Chagueni hema lenye wavu na zipu nzima, na lifungwe kabla ya saa kumi na mbili jioni, si baada ya chakula. Anayekaa nje avae mikono mirefu na ajipake dawa ya kufukuza mbu. Kuna pia vidonge vya kinga, mfano doxycycline, ambavyo humezwa kila siku kuanzia siku moja kabla ya safari mpaka wiki nne baada ya kurudi. Si vya mama mjamzito, si vya watoto wadogo, na hufanya ngozi iungue upesi juani. Kwa hiyo msinunue tu kemisti. Nendeni kituo cha afya wiki mbili kabla, mkiwa pamoja, mshauriwe kila mtu kivyake. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiondoke kabla ya kuonana na daktari wake, maana malaria kwake ni hatari mara dufu.

Na sasa sehemu ninayotaka mzazi anayesikiliza aikumbuke. Homa ya malaria haiji ziwani. Huja baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi wiki ya pili, wakati picha zimeshaonyeshwa na safari imesahaulika. Kijana yuko Kibera, anaumwa kichwa, viungo vinauma, anatetemeka. Anaenda kemisti anapewa dawa ya maumivu. Siku ya tatu anaambiwa ni taifodi. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi, naye hakusema. Malaria kali ikipanda kichwani haingoji siku ya tano.

Basi mkirudi, andikeni tarehe ya kurudi ukutani au kwenye simu, na kwa miezi mitatu, hasa wiki nne za kwanza, homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Ukiingia kituoni, neno lako la kwanza liwe: "Nilikuwa ziwani." Ikionekana ni malaria, mtu mzima hupewa vidonge 24 vya AL: vinne sasa, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula. Vimalizike vyote. Usimgawie mwenzako nusu kwa sababu naye "anahisi hivyohivyo".

Hatari ya tatu ni kichocho, ambacho wengi hukiita bilhazia. Konokono wadogo wakaao kwenye matete na magugumaji hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo hupenya ngozi yako nzima isiyo na kidonda. Huna haja ya kunywa hayo maji. Kuogea, kufua au kusimama tu ukisukuma mtumbwi kunatosha. Ndani ya mwili huwa minyoo, na mayai yake huharibu utumbo na ini kwa miaka.

Mtu wa kayaki hawezi kukwepa maji yote, na sitawadanganya. Lakini punguzeni. Ingieni na kutoka palipo wazi pasipo majani, msiogelee ukingoni mchana wa jua kali, na maji ya kuoga yachemshwe au yakae kwenye ndoo siku mbili. Kujifuta na taulo haraka husaidia kidogo, msikutegemee. Kisha wiki 6 hadi 8 baada ya safari mwende wote kupimwa choo. Dawa yake ni praziquantel, na inafanya kazi vizuri minyoo ikishakomaa. Ndiyo maana kuimeza siku ya kurudi hakutoshi.

Na mayai hayo hurudi ziwani kwa kinyesi cha binadamu. Sisi wa Kibera tumeshachekwa dunia nzima kwa vyoo vya kuruka. Tusivipeleke Rusinga. Ulizeni choo kiko wapi kabla ya kusimamisha hema.

Maji ya kunywa ni yaleyale tunayosema kila mara: yachemke hasa, au yatiwe klorini, kwa sababu kipindupindu kipo kando ya ziwa pia. Hesabuni lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, jua la huko si la hapa.

Imebaki barua ndogo iliyokuja pamoja na ile kubwa, haina jina. Mwandishi anatumia ARV, na hataki wenzake wajue. Anauliza kama abaki. Ndugu yangu, usibaki kwa sababu hiyo. Beba za siku zote na za siku tatu zaidi, kwenye chupa yenye kifuniko ndani ya mfuko usioingiza maji, na utembee nazo mwilini, zisikae kwenye mzigo wa kundi. Mwambie mhudumu wako wa kliniki unasafiri, akuangalizie na dawa ya malaria. Wenzako si lazima wajue jina la ugonjwa. Lakini mwenye kifafa, huyo ni tofauti: lazima kiongozi ajue, na asikae peke yake majini hata dakika moja.

Wiki ijayo, saa hizihizi, tutazungumza na akina mama juu ya kuhara kwa watoto. Kwaherini.

(Muziki.)