Dirisha Lililopata Mtoto wa Jicho

Ndugu zetu wa Lamu ni mafundi wa kuchonga vijahazi, na watu hutoka mbali kuja kuvinunua. Lakini jahazi halina vioo. Mtihani ni meli ya abiria, yenye safu juu ya safu ya madirisha ya duara.

Mtihani huo niliutafuta mwenyewe. Mjomba wangu alikuwa baharia katika Karanja, mojawapo ya meli za British India zilizokuwa zikija Mombasa kutoka Bombay katika miaka ya 1960. Leo ni mtu mzima, macho yamepungua nguvu. Nikaazimia kumtengenezea meli yake kwa kipimo cha moja kwa mia mbili. Kwa kipimo hicho, dirisha la sentimita 40 hugeuka tundu la milimita 2.

Nilikata plastiki angavu, nikaibandika kwa ndani kwa ile gundi kali ishikayo mara moja. Asubuhi nikakuta madirisha yote yameingia ukungu. Kumbe gundi ile hutoa mvuke, na mvuke ukikutana na unyevunyevu wa hewa huganda juu ya plastiki ukawa utando mweupe. Na hewa ya pwani yetu, msomaji, unyevunyevu haiuombi kwa jirani.

Mjomba aliishika, akaisogeza karibu na uso. "Mwanangu," akasema, "hata meli yangu imepata mtoto wa jicho?" Tukacheka, lakini moyo uliniuma.

Nikabandua yote. Safari hii nikatumia gundi nyeupe ya maseremala. Unaichota kwa kijiti cha meno, unaizungusha ukingoni mwa tundu, kisha unaivuta hadi upande wa pili, nayo hutanda kama povu la sabuni. Mwanzo huwa kama maziwa. Ukiiacha saa kadhaa hukauka ikang'aa. Madirisha makubwa ya chumba cha nahodha hutaka plastiki, ila kwa gundi hiyo hiyo nyeupe, tone dogo pembeni. Na rangi hutangulia. Kioo huja mwisho, kisichafuke. Mwenda pole hajikwai.

Nilimpelekea Ijumaa baada ya sala. Nikamulika tochi kwa chini, madirisha yakawaka. Mjomba akayahesabu kwa kidole kuanzia tezi: moja, mbili, tatu, nne. Kidole kikasimama.

"Hapa," akasema, "ndipo nilipokuwa nikilala."