PPP: nani analipa barabara na daraja?

Siku hizi kila barabara ikiharibika tunasikia neno PPP, maana yake ushirikiano wa serikali na watu wa prive. Wengi wanaisikia kama zawadi: tajiri anakuja, anatengeneza njia, serikali haitoi kitu. Haiko vile.

Katika PPP, kampuni inatafuta feza, yake ao mkopo wa benki, inajenga barabara ao daraja, kisha inaisimamia kwa miaka iliyoandikwa katika mkataba. Katika ile miaka inakusanya peaje mpaka inarudisha feza yake pamoja na faida. Mkataba ukiisha, barabara inabaki mikononi mwa serikali. Hapa kwetu Kongo, mambo hayo yanaongozwa na sheria namba 18/016 ya tarehe 9 Julai 2018.

Mfano tunaujua. Barabara ya Lubumbashi–Kasumbalesa, karibu kilometa 90, iko na peaje. Inawezekana juu ya nini? Juu kamyo za shaba na za bidhaa zinapita pale kila siku. Hesabu ni ile ile kwa mradi wa barabara ya Kasomeno na daraja ya mto Luapula, kati yetu na Zambia: safari ya kwenda bandari ya Dar es Salaam inafupika, basi mwenye kamyo anaweza kukubali kulipa.

Sasa tufike kwenye ugumu. Kama magari hayapiti mengi vile walivyohesabu, nani anapata hasara? Mkataba mubaya unasema: serikali itajaza. Pale kampuni haina hatari tena, na deni linaturudilia sisi wote. Tuangalie pia Sicomines. Ile si peaje, ni madini yanayolipa barabara, lakini ulizo ni moja. Mkataba wa 2008 ulirudiliwa mwaka 2024: dola miliari 7 za miundombinu mpaka 2040, milioni 324 kwa mwaka. Lakini kile kiasi kinategemea bei ya shaba. Bei ikianguka, barabara inangoja.

Mimi nilisoma kilimo, kwa hiyo ninapima barabara kwa gunia la mahindi. Anayelipa peaje si dereva peke yake. Mwenye kamyo anaiweka katika bei ya usafiri. Muchuuzi naye anaipunguza kwa feza anayompa mukulima, ao anaiongeza kwa bei ya unga sokoni. Mwisho wa yote iko katika bukari yetu. Hata hivyo, njia mbovu nayo inalipisha: mafuta mengi, pneu zinapasuka, mzigo unaoza njiani. Kwa hiyo peaje ni nzuri kama inachukua kidogo kuliko ile hasara inayoondoa. Njo kipimo.

Na njia ya kijiji, pale kamyo mbili tu zinapita kwa juma? Ile haiwezi kulipa benki hata siku moja. Hakuna prive atakayekuja pale, hata sheria iwe nzuri namna gani. Kazi ile inabaki ya serikali, ya jimbo, na ya FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara uliyoundwa 2008, unaopata feza kutoka mafuta ya gari na peaje. PPP ikijenga njia kubwa ya shaba, feza ya serikali inayobaki iende kwenye njia za mashamba. Isipoenda, tutakuwa na lami inayopitisha madini yetu nje, na mahindi tutaendelea kununua Zambia.

Basi wakikuambia PPP, wewe uliyesoma uliza mambo manne: mkataba umetangazwa? Ni wa miaka ngapi? Magari yakipunguka nani anajaza? Na feza ya peaje, sehemu gani inarudi kutengeneza njia? Kama hawana jibu, wajue tutauliza tena.