Maswali ya Wateja na Ukurasa wa Google

Bado kuna watu wanaouza huduma hii: lipa kiasi fulani, tukuwekee data ya maswali na majibu kwenye tovuti yako, Google iipandishe juu. Kazi yenyewe ni halali, na kwa miaka minne ilizaa matunda ambayo mwenye tovuti aliyaona kwa macho yake. Ila ahadi inayobandikwa juu yake ilikwisha nguvu Agosti 2023, na mwenye duka, zahanati au nyumba ya wageni anayetoa fedha yake leo ana haki ya kujua ananunua nini.

Mtu akifungua ukurasa, hahitaji kuambiwa kwamba mstari huu ni swali na aya iliyo chini yake ni jibu. Roboti ya Google haina macho hayo. Inakutana na maandishi na alama za kupanga ukurasa, mengine inakisia. Data yenye muundo huipunguzia kukisia. Ni kipande cha msimbo kisichoonekana na msomaji, kinachofanya kazi ya lebo kwenye chupa za duka la dawa: hili ni swali, hili ndilo jibu lake, hii ni bei, hizi ni saa za kufungua.

Msamiati wa lebo hizo haukutungwa na kampuni moja. Juni 2011 Google, Yahoo na Microsoft kupitia Bing walizindua Schema.org ili injini zote za utafutaji zisome majina yaleyale, na Yandex ya Urusi ikajiunga mwaka huohuo. Ukurasa wa maswali umepewa jina FAQPage. Ndani yake kila swali ni Question, maneno ya swali yanakaa kwenye name, na jibu linakaa kwenye acceptedAnswer. Google hupendelea lebo ziandikwe kwa JSON-LD, mtindo ambao shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliupitisha rasmi Januari 2014. Hakuna zaidi ya hapo. Fundi anayejua kazi yake huweka lebo za maswali matano bila kutoka jasho, na anayetumia WordPress hahitaji hata fundi, maana programu-jalizi kama Yoast na Rank Math zina bloku ya maswali inayoandika msimbo huo yenyewe.

Kuna lebo nyingine inayofanana nayo, QAPage, na wengi huzichanganya. FAQPage ni ya ukurasa ambao mwenye tovuti ndiye aliyeandika jibu, moja kwa kila swali. QAPage ni ya ukurasa ambao mtu ameuliza na wengine wakajibu kila mmoja kwa maoni yake. Ukiuza saruji na umeandika mwenyewe majibu, ya kwako ni ya kwanza.

Mbio zilianza Mei 2019. Google ilitangaza kwamba ukurasa wenye lebo za FAQPage unaweza kuonyeshwa kwa namna ya pekee: chini ya kiungo chake yatokee maswali yenyewe, na mtafutaji akigusa moja, jibu lifunguke palepale kabla hajaingia kwenye tovuti. Kwenye simu tokeo moja la namna hiyo lilikula sehemu kubwa ya kioo na kuwasukuma wengine chini. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba lebo hizi hupandisha tovuti. Hazikupandisha. Google imesema mara nyingi kwamba data yenye muundo, peke yake, si kigezo cha kupanga nani awe wa kwanza na nani wa kumi. Aliyekuwa wa nne alibaki wa nne, ila alichukua uwanja mpana zaidi, na uwanja mpana huvuta jicho. Tofauti hiyo ndiyo inayofichwa na wauzaji wa huduma hii.

Uwanja wa bure haukosi wavamizi. Kurasa za viatu, mikopo na tiketi zilianza kubandikwa maswali ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyauliza, mradi nafasi ijae. Juni 2021 Google ilipunguza maswali yanayoonyeshwa yasizidi 2 kwa kila tokeo. Tarehe 8 Agosti 2023 ikatangaza kwamba onyesho hilo sasa litabaki kwa tovuti za serikali na za afya zinazojulikana na kuaminika, na wengine wote hawatalipata kwa kawaida. Sababu iliyotolewa ilikuwa kutaka ukurasa wa matokeo uwe safi na wenye sura moja. Ikaongeza jambo ambalo wengi hawakulisoma: hakuna haja ya kuziondoa lebo zilizokwishawekwa, kwa kuwa hazileti madhara, ila hazina tena athari inayoonekana kwenye utafutaji wa Google.

Kwa hiyo, kama leo unauza vifaa vya ujenzi na umeahidiwa kwamba maswali yako yatatokea chini ya kiungo, umeahidiwa kitu kisichokuwepo. Je, kazi yote itupwe? Hapana, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda. Thamani ilikuwa kwenye maswali tangu mwanzo, na maswali hayo hayakuguswa na tangazo la Agosti.

Google ina njia nyingine za kuonyesha jibu. Kuna kisanduku cha juu kinachonukuu aya moja kutoka kwenye tovuti fulani, kuna orodha ya maswali ambayo watafutaji wengine nao wameuliza, na tangu 2024 kuna majibu yanayotungwa na akili mnemba yakiwa na viungo vya tovuti yalikotoka. Viwili vya kwanza huchota maandishi ya kawaida ya ukurasa, si lebo. Na kuhusu majibu ya akili mnemba, mwongozo wa Google kwa wenye tovuti unasema wazi kwamba hakuna lebo maalumu ya Schema.org inayotakiwa ili uingie humo. Kinachotakiwa ni jibu lililoandikwa vizuri, mahali ambapo roboti inaweza kufika.

Chukua mtu anayetotolesha na kuuza vifaranga. Tovuti yake, kama zilivyo nyingi, ina sentensi isemayo: «Tunazingatia taratibu zote za kinga dhidi ya ugonjwa wa Newcastle.» Ni kweli tupu, na haimsaidii yeyote. Mteja aliyenunua vifaranga 100 wiki hii, yuko Dodoma au Songea na simu mkononi, anaandika «kifaranga anachanjwa kideri siku ya ngapi». Mwingine anaandika «mdondo wa kuku dawa gani». Wote wawili wanauliza habari za ugonjwa uleule wa Newcastle, lakini hakuna hata mmoja aliyeandika neno lililoko kwenye tovuti. Google hujitahidi kuunganisha maneno ya maana moja, na kwa Kiingereza inafanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Kwa Kiswahili, ambacho maandishi yake mtandaoni ni machache, si busara kuitegemea ikutafutie uhusiano ambao wewe mwenyewe ungeweza kuuandika.

Sasa aandike swali kama linavyoulizwa, alifanye kichwa kidogo cha habari, na chini yake ajibu bila kuzunguka: kifaranga hupewa chanjo ya kwanza ya kideri akiwa na siku 7, na hurudiwa siku ya 21, chanjo ya Gumboro huingia katikati, siku ya 14. Sentensi ya pili ieleze namna ya kuwapa: maji safi yasiyo na klorini, vifaranga wakae na kiu kidogo kwanza, na maji ya chanjo yaishe ndani ya saa 2. Kwenye swali la dawa, aseme ukweli kwamba ugonjwa huu hauna tiba na kwamba kinga yake ni chanjo, na amwelekeze msomaji kwa ofisa mifugo. Jibu la namna hiyo lina nafasi ya kunukuliwa na Google hata kama halina lebo hata moja. Likiwa na lebo, ni sawa pia. Lebo juu ya sentensi ile ya kwanza isiyosema kitu ni kazi bure.

Maswali ya kweli yanapatikana wapi? Mahali pa kwanza ni simu ya dukani. Ujumbe wa WhatsApp wa miezi michache iliyopita una maneno ya wateja wenyewe, pamoja na makosa yao ya tahajia, na hakuna mtaalamu wa masoko anayeweza kuyabuni yakafanana. Mpe kazi hiyo anayepokea simu, si anayetengeneza tovuti. Mahali pa pili ni Search Console, huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti ni maneno gani yaliyotafutwa tovuti yake ikatokea. Kumbukumbu zake hurudi nyuma hadi miezi 16. Kwenye ripoti ya utendaji kuna kichujio cha maneno yaliyotafutwa, na tangu 2021 kinakubali usemi wa ruwaza (regex). Andika humo ngapi|gani|lini|vipi|wapi na utapata maswali mengi ya Kiswahili yaliyofika mlangoni kwako. Angalia hasa yale ambayo tovuti imetokea mara nyingi lakini haikuguswa. Hao ni watu waliokuja na swali, wakaona huna jibu, wakapita.

Kuandika jibu kuna nidhamu yake. Jibu lianze na jibu, maelezo yafuate. Bei iandikwe pamoja na tarehe iliyothibitishwa, maana bei ya mwaka juzi inayonukuliwa leo italeta ugomvi kaunta. Swali moja likae ukurasa mmoja. Kulirudia kwenye kurasa ishirini kunaifanya tovuti ishindane na nafsi yake, na miongozo ya Google ilitaka swali linalojirudia liwekewe lebo mahali pamoja tu. Maneno yaliyomo kwenye lebo lazima yawe yaleyale anayoyaona msomaji. Jibu linalofunguka kwa kuguswa linakubalika, lakini lile lililofichwa kabisa asilifikie mtu ni udanganyifu, na ukurasa ukikamatwa unaweza kupoteza haki ya maonyesho maalumu yatokanayo na lebo. Tangazo la biashara lililovishwa kanzu ya swali nalo limekatazwa. «Kwa nini sisi ni bora kuliko wengine?» si swali la mteja.

Kundi ninalolisikitikia zaidi katika habari hii ni ofisi za umma na vituo vya afya, kwa sababu tangazo la 2023 liliwaachia wao mlango ambao wengine walifungiwa, na kwa mujibu wa nyaraka za Google mlango huo haukubagua nchi wala lugha. Nchini Tanzania, tovuti nyingi za umma zilizo chini ya go.tz zina kiungo cha maswali juu kabisa ya ukurasa. Ukikifungua, mara nyingi unakuta maswali machache ya jumla kuhusu dira na majukumu ya taasisi, huku utaratibu ambao mwananchi anauhangaikia umewekwa kwenye picha ya bango. Picha ya bango haiwekewi lebo ya swali na jibu, haikuzwi ikasomeka vizuri kwenye simu ndogo, na asiyeona hawezi kusomewa na simu yake. Tovuti nyingine ina maandishi ya Kiingereza pekee na kitufe cha kutafsiri. Kiswahili kinachotokea hapo hutengenezwa ndani ya kivinjari cha msomaji kwa dakika ile. Google haikihifadhi, kwa hiyo anayetafuta kwa Kiswahili hakioni. Dawa yake ni ukurasa wa Kiswahili wenye anwani yake, uliotajwa kwenye msimbo kuwa ni wa Kiswahili (sw), na ulioandikwa na mtu anayekaa dirishani na kuulizwa kila siku: nimepoteza cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nianzie wapi; kliniki ya wajawazito niende na nini siku ya kwanza; kituo changu kinafunguliwa Jumamosi? Kwa mama aliyeko kilomita 40 kutoka kituo, jibu moja sahihi ni nauli ya kwenda na kurudi iliyookolewa. Hilo lina uzito hata bila onyesho lolote la Google.

Yamebaki mambo ya fundi. Msimbo wa JSON-LD hutaka alama za kunukuu zilizonyooka. Ukinakili jibu kutoka Microsoft Word, alama huja zimepinda, na kama zimeingia pale msimbo unapotaka zilizonyooka, lebo yote hufa kimyakimya bila ukurasa kuonyesha dalili. Mkato uliobaki baada ya swali la mwisho huleta hasara ileile. Alama ya kunukuu iliyo ndani ya jibu itanguliwe na mkwaju wa nyuma. Usiwashe programu-jalizi mbili zinazoandika FAQPage kwenye ukurasa mmoja, maana zitagongana. Ukimaliza, peleka anwani ya ukurasa kwenye validator.schema.org, ambako makosa ya msimbo hutajwa.

Kisha subiri wiki kadhaa, rudi Search Console na kichujio kilekile cha ngapi, gani na lini, ulinganishe na kipindi cha kabla. Usihesabu lebo zilizokubaliwa. Hesabu maswali mapya ambayo tovuti yako imeanza kutokea, na katika hayo, ni mangapi yaliyomfanya mtu aingie. Yale ambayo bado wanapita bila kuingia, yafungue moja moja usome jibu lako kwa sauti mbele ya yule anayepokea simu. Yeye atakuambia ni wapi mteja angekukatiza na kuuliza tena.